Kampeni za wadi: mwananchi aingie au akae kando?

Uchaguzi ukikaribia, swali moja huzunguka Nakuru, kuanzia steji za bodaboda na vyama vya akina mama hadi nje ya kanisa watu wakishasalimiana: mtu wa kawaida, asiye na pesa wala jina kubwa, anafuata nini kwenye kampeni za mashinani? Safari hii swali ni zito zaidi. Vijana waliojaa barabarani Juni 2024, hapa Nakuru, Kisumu, Kakamega na kwingineko, wakaupinga Mswada wa Fedha mpaka Rais akakataa kuutia saini, sasa wanaambiwa na wazazi wao, na wanasiasa pia, kwamba kazi iliyobaki ni ya debe mnamo Agosti 10, 2027. Wapo waliokubali. Wapo wanaosema kwamba siasa za mashinani ni tope, na ukiingia hutoki msafi.

Mimi naegemea upande wa kuingia, hasa kwenye kampeni ya mwakilishi wadi, yule tunayemwita MCA, anayekaa bunge la kaunti. Lakini wanaokataa si wavivu wala waoga. Wengi wao waliwahi kuingia, wakayaona.

Nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Mwaka 2022 daftari la tume ya uchaguzi, IEBC, lilikuwa na wapigakura 22,120,458. Nchi ina wadi 1,450. Ukigawanya, unapata wapigakura 15,000 hivi kwa wadi ya wastani. Waliojitokeza siku ile walikuwa takriban asilimia 65, kwa hiyo wadi kama hiyo ilipigiwa kura zisizofika 10,000. Wagombea wakiwa sita au saba, mtu anaweza kushinda kwa kura 3,000. Watu thelathini wanaoaminika mtaani, kila mmoja akizungumza na majirani mia moja anaowajua kwa majina, wanaweza kuamua nani aingie bunge la kaunti. Kwenye kiti cha ugavana watu hao thelathini hawaonekani kabisa.

Na kiti cha wadi si cha kupuuzwa. Katiba iliipa kaunti zahanati, masoko, chekechea, barabara za mitaani, taka na leseni za biashara. Ushuru anaotozwa mama wa mboga asubuhi hauamuliwi Nairobi, unapitishwa na watu wanaokaa bunge la kaunti. Kuna jambo jingine ambalo wapiga kampeni wachache hulitaja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza kaunti kutumia pesa za umma nje ya mipango iliyoidhinishwa, na mpango mkubwa ni ule wa miaka mitano, CIDP. Uliopo sasa ni wa 2023 hadi 2027. Unaofuata utaandikwa na serikali itakayoingia baada ya Agosti 2027. Mtaro wa Kaptembwo usipoandikwa humo, MCA anaweza kuuimba kwenye kila mazishi na usichimbwe. Kwa hiyo wakati wa kumbana mgombea ni sasa anapohitaji watu, na cha kumbana nacho ni karatasi yenye mambo mawili au matatu ambayo atayapeleka kwenye mpango huo.

Sasa tuitazame kampeni yenyewe ilivyo chini, maana huko ndiko ugumu uliko.

Chukua ploti ya kawaida ya Kaptembwo au Rhonda. Geti moja la mabati, vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, kamba za nguo katikati, bomba moja la maji ambalo likifunguliwa mitungi hupangwa foleni. Kikosi cha mgombea kinaingia jioni watu wakiwa wametoka kazini. Swali la kwanza la kiongozi wa kikosi kwa msimamizi wa ploti huwa moja: hapa kuna kura ngapi? Anahesabu milango kwa kidole. Huyu kura yake iko Mumias. Yule, Nyamira. Hawa wawili, Bomet. Mama wa chumba cha mwisho, Siaya. Kwenye milango kumi na miwili huenda minne tu ndiyo ya wadi hii. Kikosi kinaacha vipeperushi viwili na kuhamia ploti nyingine.

Watu hao wameishi Nakuru miaka kumi au zaidi. Watoto wao wanasoma hapa, wakiugua wanapelekwa zahanati ya hapa, maji machafu yanapita mbele ya mlango wao. Lakini kura imebaki nyumbani kwa wazee, na mgombea anayejua kuhesabu hana sababu ya kuwasikiliza. Kwa maoni yangu kazi ya kwanza ya kampeni ya mashinani katika mji wa wapangaji kama huu ni kuwaeleza wapangaji kwamba mtu anaweza kuhamisha kura yake hadi mahali anapoishi, na kwamba ni lazima aende mwenyewe IEBC kabla daftari halijafungwa. Hiyo inasaidia wadi nzima, hata ikimfaidi mpinzani.

Hata hivyo, muulize mama wa Siaya kwa nini hajahamisha, na jibu lake si la kupuuzwa. Nyumbani kuna shamba, kuna makaburi ya wazee, na siku ya kura kuna usalama. Mwishoni mwa Januari 2008 mji huu uliwaka. Majirani waliokuwa wakichota maji bomba moja walitafutana kwa mapanga, na tume ya Jaji Waki iliyoyachunguza ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote katika machafuko yale ya baada ya uchaguzi. Wanaokumbuka wana desturi moja: siku chache kabla ya uchaguzi wanapanda matatu kwenda kwao. Watu wa Molo na Kuresoi wana kumbukumbu za nyuma zaidi, za 1992. Ukimwambia mtu kama huyo avae tisheti ya mgombea na kugonga milango ya majirani, unamwomba atangaze upande wake mbele ya watu ambao huenda siku moja wakautumia dhidi yake.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa kukaa kando, na takwimu za kura haziwezi kuijibu. Ninachoweza kusema ni kwamba wadi imekuwa na bahati moja: mara nyingi wagombea wanaoshindana ni wa jamii moja au chama kimoja, kwa hiyo ubishi unaweza kuwa wa mtaro na soko badala ya kabila. Unaweza, lakini si lazima uwe. Kampeni ya wadi ikiungana na msafara wa gavana au wa urais, ubishi wa mtaro unazimwa na nyimbo za chama, na hapo mama wa Siaya ana haki ya kufunga mlango wake.

Hoja ya pili ni pesa na vijana wa kukodiwa. Hapa sina huruma na wanasiasa. Kwenye kampeni za uchaguzi mdogo wa Kasipul, Homa Bay, mwezi Novemba 2025, watu waliuawa wafuasi wa pande mbili walipokabiliana, na IEBC ikawatoza wagombea wawili faini ya shilingi milioni moja kila mmoja. Walio chini ya udongo hawarudishwi na faini. Sheria ya kudhibiti fedha za kampeni ilipitishwa 2013, lakini chaguzi za 2017 na 2022 zilifanyika bila vikomo vyake kutumika. Matokeo yake yanaonekana stejini: mheshimiwa mtarajiwa anapita, anamwachia mwenyekiti wa bodaboda bahasha, na kabla jioni haijafika kuna ugomvi wa nani amekula nini. Vijana waliogawiwa mia mbili mbili za kujaza rali ndio haohao wanaopigiwa simu usiku kwenda kuvuruga mkutano wa mwenzake. Kisha uchaguzi unapita, na namba ya mheshimiwa haipatikani.

Anayesema "nilitumiwa nikatupwa" anasema kweli. Lakini tutazame alichouza. Aliuza siku moja, akalipwa siku hiyohiyo, deni likaisha. Aliyepokea mia mbili hana cha kudai Septemba. Na kisheria ana kesi, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamshika mpokeaji wa hongo ya kura kama inavyomshika mtoaji. Uhusiano ni tofauti kabisa na wa kikundi cha majirani kilichomleta mgombea mezani, kikamwonyesha kinachotaka, kikamfanyia kazi kwa jina lake na kubaki na nakala ya alichokubali.

Hapa lazima niwe mkweli kwa kijana asiye na kitu. Mtu wa boda akitembea na kampeni siku nzima, mafuta yameisha, chakula hakijapatikana na mwenye pikipiki anataka hesabu yake. Kumwambia afanye kazi miezi minne kwa uzalendo ni rahisi kwa mwenye mshahara. Nauli, salio la simu, chakula na posho ya kazi inayojulikana si hongo, na kikundi kina haki ya kuviomba waziwazi, mbele ya wote, kiasi kikijulikana. Hatari huanza pesa inapopitia kwa mtu mmoja gizani, au inapolipwa kwa kazi isiyoweza kutajwa mbele ya mama yako.

Wapo wenye msimamo wa tatu, na wengi wao niliwaheshimu sana Juni 2024. Wanasema: tusijiunge na yeyote, tubaki raia wanaodai. Twende kwenye vikao vya umma vya bajeti, tupeleke maombi, tuandamane ikibidi. Katiba inawaunga mkono: kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Nami naona kazi hiyo ni ya lazima. Shida ni kwamba vikao hivyo aghalabu huitwa kwa notisi fupi, katikati ya wiki, saa ambazo mfanyabiashara yuko sokoni, na vinakuta makadirio yameshapangwa. Mdai asiye na mtu ndani hupewa soda na nafasi ya kusema dakika mbili. Wanaoandamana waliweza kusimamisha mswada, jambo kubwa mno, lakini maandamano hayawezi kuandika bajeti ya wadi. Kifungu cha 38 cha Katiba kinataja waziwazi haki ya kukipigia kampeni chama au jambo unaloliamini. Sioni kwa nini haki hiyo iachiwe wapambe pekee.

Hata hivyo, si kila mtu aingie. Mwalimu wa serikali, chifu, muuguzi wa kaunti, hao sheria inawazuia kupiga kampeni, na ni vizuri wazuiwe, kwa kuwa wananchi wa pande zote wanawahitaji. Nami naongeza mweka hazina wa chama cha akina mama. Akionekana na tisheti, pesa za wanachama zinaanza kunong'onewa. Na mtu mwenye duka moja katika mtaa uliogawanyika apime mwenyewe, hakuna wa kumpimia.

Kwa anayeingia, makosa mengi ni ya wakati. Watu husubiri mabango na magari yenye spika, kumbe mambo yalishaamuliwa. Huko Kisumu, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, kwa miaka mingi aliyepata tiketi ya chama cha ODM alikuwa amekaribia kushinda, na kivumbi chote kilikuwa kwenye mchujo, yaani chama kinapomchagua mgombea wake. Wadi nyingi za Nakuru na za magharibi zimekuwa na hali kama hiyo kwa chama kilichokuwa na upepo. Mchujo wa 2022 ulifanyika Aprili, miezi minne kabla ya uchaguzi wenyewe. Anayepiga kura ya mchujo ni mwanachama aliyesajiliwa, na chama kinaweza pia kuamua kutumia wajumbe badala ya wanachama wote, jambo ambalo sheria ya vyama inaruhusu. Hao wajumbe wanatoka kwenye ofisi za mashinani ambazo wengi wetu hatujui hata zilijazwa lini. Kabla ya kujiunga popote, angalia kwanza kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kama hujasajiliwa tayari. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wamo kwenye orodha za vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia, na mtu haruhusiwi kuwa mwanachama wa vyama viwili.

Kama kundi lenu haliamini chama chochote, mlango wa mgombea huru upo: kwa kiti cha wadi anahitaji saini za wapigakura 500 wa wadi hiyo, na asiwe mwanachama wa chama katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Saini 500 ni kazi ya wiki chache kwa wale watu thelathini.

Mwisho kuna usiku wa kuhesabu. Kituo kimoja hakizidi wapigakura 700, na mwaka 2022 wadi ya wastani ilikuwa na vituo thelathini hivi, kila kimoja katika darasa lake, na kila mgombea anahitaji wakala ambaye hatasinzia saa nane usiku kabla Fomu 36A, ile ya matokeo ya kiti cha wadi kituoni, haijajazwa na kutiwa saini. Wagombea wadogo wengi wamepoteza kura zao hapo, si kwa kuibiwa kila mara, bali kwa kukosa mtu wa kukaa. Wakala aliyeokotwa jana yake kwa posho huondoka akipigiwa simu na upande wa pili. Mawakala wa kuaminika hutafutwa mapema, wakafundishwa mapema, na kazi hiyo haina budi kuanza kabla ya mchujo, watu wakiwa bado hawana haraka.