Wote Wakibana, Nani Atatumia?

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya serikali kutumia fedha wakati wa mdororo wa uchumi ni rahisi kueleweka, na nguvu yake imo humo. Familia ikipungukiwa mapato hufunga mkanda, haiendi kukopa ili ijenge ukumbi mpya. Basi serikali nayo, kodi ikishuka, ipunguze matumizi na kusubiri hali itengemae. Yeyote aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili ya deni anaielewa hoja hii bila kufundishwa uchumi. Wala siibezi. Ndani yake kuna uadilifu wa kweli, wa kutokula leo cha watoto wa kesho.

Kuna jambo moja tu imelisahau, nalo ndilo linaloamua kila kitu. Familia inapobana matumizi, mapato yake hayapungui kwa sababu ya kule kubana. Mshahara unaoingia nyumbani unatoka kwa watu wengine kabisa. Nchi nzima haiko hivyo. Ndani ya nchi, fedha anayotoa mmoja ndiyo mapato ya mwingine, na asipoitoa, huyo mwingine hana cha kupokea. Mdororo unapoanza, watu huahirisha manunuzi kwa hofu ya kupoteza kazi, kampuni huahirisha kupanua viwanda kwa kuwa hazioni wanunuzi, na benki hukaza mikopo kwa kuwa haziamini zitarudishiwa. Kila mmoja wao anafanya lililo la busara kwake. Kwa pamoja wanakaushiana mapato. Swali la msingi, basi, ni nani aliyebaki mwenye uwezo wa kununua wakati wote wengine wamejifungia, na kama huyo aliyebaki naye aungane nao.

Wachumi wamelipima swali hili kwa namba moja wanayoiita kizidishi: serikali ikiongeza au ikipunguza matumizi yake kwa kiasi cha 1, pato la taifa hubadilika kwa kiasi gani? Kikiwa sifuri, serikali inahamisha tu fedha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Kikizidi 1, matumizi yake yameamsha matumizi ya watu wengine pia. Ugomvi mwingi unaouona kwenye magazeti kati ya wanaotaka bajeti ipanuliwe na wanaotaka ikatwe ni ugomvi juu ya ukubwa wa namba hii, hata wagombanao wasipoitaja.

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu hii ni namba iliyowahi kukosewa, na kosa lake likabebwa na mamilioni ya watu. Baada ya mtikisiko wa fedha wa 2008, nchi nyingi za Ulaya zilishauriwa, na nyingine zikalazimishwa, kukata matumizi na kupandisha kodi kwa haraka. Mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013, Olivier Blanchard, aliyekuwa mchumi mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, pamoja na mwenzake Daniel Leigh, walirudi kuangalia utabiri uliokuwa umetolewa. Waligundua kwamba kadiri nchi ilivyopanga kukata zaidi, ndivyo uchumi wake ulivyoanguka zaidi kuliko ilivyotabiriwa. Watabiri walikuwa wamefanya hesabu kana kwamba kizidishi ni takriban 0.5. Makadirio ya shirika lenyewe yakaonyesha kwamba katika miaka ile kilikuwa kati ya 0.9 na 1.7.

Tofauti kati ya 0.5 na 1.5 inaweza kuonekana kama kazi ya wataalamu wa makabrasha. Tuifanyie hesabu. Chukua nchi ambayo pato lake ni 100 na deni lake ni 120. Serikali inakata matumizi kwa 3 ili ipunguze mzigo wa deni, na tuseme kila pato linaposhuka kwa 1, kodi hushuka kwa 0.4. Kizidishi kikiwa 0.5, pato linashuka hadi 98.5, kodi inapungua kwa 0.6, na serikali inabaki na akiba halisi ya 2.4. Deni linakuwa 117.6, yaani asilimia 119.4 ya pato. Mzigo umepungua kidogo, na dawa, ingawa chungu, imefanya kazi. Sasa weka 1.5. Pato linashuka hadi 95.5, kodi inapungua kwa 1.8, akiba halisi ni 1.2 tu. Deni ni 118.8, lakini ukiligawa kwa pato lililosinyaa unapata asilimia 124.4. Nchi imeumia, watu wamepoteza kazi, na mzigo wa deni umekuwa mzito kuliko kabla ya kuanza kubana. Atakayetazama asilimia hiyo mwakani atasema hatukubana vya kutosha, na ataagiza kukata tena.

Hivi ndivyo ilivyokuwa Ugiriki. Sisemi kwamba serikali yake haikuwa na makosa. Ilikuwa imekopa kupita kiasi katika miaka ya neema na kuficha ukubwa wa nakisi yake, yaani matumizi yanayozidi mapato, na mwaka 2010 hakuna soko lililokuwa tayari kuikopesha kwa riba inayolipika. Kubana fulani kusingeepukika. Lakini mpango wa mkopo na kubana wa 2010 ulitarajia kwamba kufikia 2012 pato la nchi lingekuwa limeshuka kwa asilimia 5.5 ukilinganisha na 2009, na ukosefu wa ajira ungekuwa kama asilimia 15. Pato lilishuka kwa asilimia 17 na ukosefu wa ajira ukafika asilimia 25. Mwaka uliofuata ulipita asilimia 27. Deni, lililokuwa karibu asilimia 127 ya pato mwaka 2009, likawa karibu asilimia 180 miaka mitano baadaye, na hiyo ni baada ya wakopeshaji binafsi kufuta zaidi ya nusu ya thamani ya hatifungani zao (hati za kuikopesha serikali) mwaka 2012. Hao ni watu waliofunga mkanda kweli, tena hadi mifupa, na deni likazidi kuwalemea.

Kwa nini kizidishi kilikuwa kikubwa hivyo? Kwa sababu hakikai mahali pamoja. Uchumi unapoenda vizuri, wafanyakazi wote wana kazi na mashine zote zinazunguka. Serikali ikitaka kujenga barabara wakati huo, lazima imnyang'anye mwingine mhandisi na saruji, bei hupanda, benki kuu hupandisha riba, na mwekezaji binafsi husukumwa pembeni. Hapo wanaopinga matumizi wana haki yote. Katika mdororo mkubwa, mhandisi amekaa nyumbani na kiwanda cha saruji kimezima tanuri. Hakuna anayenyang'anywa. Benki kuu nayo, riba yake ikiwa tayari karibu na sifuri, haina tena nafasi ya kushusha ili kufidia pengo linaloachwa na serikali inayobana. Ugiriki ilikuwa na shida ya ziada: haikuwa na sarafu yake ya kuishusha thamani ili bidhaa zake ziuzike nje.

Marekani iliwahi kujaribu kubana kabla mdororo haujaisha, bila kukusudia. Mwaka 1933 karibu mtu mmoja kati ya wanne katika nguvu kazi hakuwa na kazi. Kwa miaka minne iliyofuata uchumi ulikua kwa kasi, kisha mwaka 1937 serikali ya Rais Roosevelt ikaona hatari imepita. Matumizi yakapunguzwa, kodi mpya ya hifadhi ya jamii ikaanza kukatwa kwenye mishahara, na wakati huohuo benki kuu ilikuwa imeongeza maradufu akiba ambayo benki zililazimika kuiweka. Uzalishaji wa viwandani ukaanguka kwa karibu theluthi moja, na ukosefu wa ajira ukapanda kutoka kama asilimia 14 hadi 19. Ni kweli kwamba sera ya fedha, yaani hatua hizo za benki kuu, nayo ilihusika, na wanahistoria wa uchumi bado wanabishana nani alibeba lawama kubwa zaidi. Ila hakuna upande katika ubishi huo unaoonyesha kwamba kubana kulisaidia.

Wenye mawazo tofauti wana mifano yao, na inastahili kuangaliwa kwa macho mawili. Mfano wanaoupenda ni Denmark mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Ireland mwishoni mwa miaka hiyo: serikali zilikata nakisi, na badala ya kuanguka uchumi ukakua. Maelezo yao ni kwamba watu wakiona deni linadhibitiwa hupata imani, riba hushuka, na wawekezaji hurudi. Sidai kwamba imani haina thamani. Lakini Denmark ilianza na riba ya juu sana iliyokuwa na pa kushukia, na Ireland ilishusha thamani ya sarafu yake mwaka 1986, kisha ikapata soko kwa jirani yake Uingereza ambako biashara ilikuwa imechangamka. Palikuwa na mtu mwingine wa kununua. Katika mdororo unaoshika nchi nyingi kwa pamoja, mnunuzi huyo hayupo, na kila nchi inayosubiri kuuza nje inamsubiri jirani anayesubiri vilevile.

Hoja yao nzito zaidi, kwangu, ni ya 2021. Machi mwaka huo, Marekani ilipitisha mpango wa matumizi wa dola trilioni 1.9 kuokoa uchumi uliopigwa na UVIKO-19, juu ya trilioni 2.2 za Machi 2020 na nyingine za Desemba. Larry Summers, aliyekuwa Waziri wa Fedha chini ya Rais Clinton na ambaye si adui wa matumizi ya serikali, alionya mapema kwamba kiasi hicho kilizidi pengo lililokuwa linazibwa. Juni 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1. Sehemu yake ilitokana na meli kukwama bandarini na vita vya Ukraine vilivyopandisha bei ya nishati. Nchi zinazotumia yuro, zilizokuwa na mipango midogo zaidi, nazo zilifika asilimia 10.6 Oktoba ya mwaka huohuo. Hata hivyo mimi nimeridhika kwamba Summers aliona sawa: fedha zilimiminwa zaidi ya nafasi iliyokuwepo, na waliolipa ni watu ambao mishahara yao haikupanda kwa kasi ya bei. Kizidishi kinachobadilika na hali hukata pande zote mbili. Anayekitumia kutetea matumizi ya serikali baada ya mtikisiko wa 2008 anapaswa kukikubali kinapomwonya juu ya 2021.

Kuna pia nchi ambazo somo hili haliwafikii kwa namna ileile, na hapa watetezi wa matumizi mara nyingi hupita haraka. Serikali inayokopa kwa dola huku ikikusanya kodi kwa sarafu nyingine haiwezi kutumia kwa uhuru ule walio nao Marekani au Japani, nchi ambayo deni lake limepita asilimia 200 ya pato kwa miaka mingi na kwa muda mrefu imekopa kwa riba ndogo, kwa sarafu yake na zaidi kutoka kwa wananchi wake. Zambia ilishindwa kulipa mwaka 2020, Sri Lanka na Ghana mwaka 2022. Katika uchumi mdogo unaoagiza vitu vingi kutoka nje, sehemu kubwa ya fedha inayotumika huvuka mpaka kabla haijamfikia mfanyakazi wa pili. Wachumi Ethan Ilzetzki, Enrique Mendoza na Carlos Végh walipolinganisha nchi nyingi, walikuta kizidishi ni kidogo katika nchi zilizofungua sana biashara yake ya nje, na karibu hakipo kabisa pale deni lilipokuwa kubwa. Nchi hizo hazinyimwi matumizi kwa kuwa nadharia imekosea. Zinanyimwa kwa kuwa hazina mkopeshaji, na hilo ni tatizo la kushughulikiwa kwa kuahirisha na kufuta madeni, si kwa kuzihubiria kwamba kufunga shule kutaleta ukuaji.

Linaloniumiza zaidi katika mjadala huu ni kwamba gharama ya kutotumia haiandikwi mahali popote. Deni lina namba yake, inachapishwa kila mwezi. Kijana aliyemaliza masomo katikati ya mdororo, akakaa miaka mitatu bila kazi na ujuzi wake ukachakaa, hayumo katika hesabu yoyote ya hazina, ingawa kodi ambayo hatailipa kwa maisha yake yote ni hasara ya kweli. Blanchard na Summers waliandika juu ya hili tangu 1986 walipoona ukosefu wa ajira barani Ulaya ukigoma kushuka hata baada ya hali kutulia.

Kwa sababu hiyo aina ya matumizi ina uzito kuliko ukubwa wake. Miradi mikubwa ya ujenzi huchukua muda kupangwa, na mara nyingi fedha zake huanza kutoka mdororo ukiwa umekwisha. Lawama hiyo ni ya haki. Zinazofika kwa wakati ni zile zinazopanda zenyewe hali inapoharibika na kushuka zenyewe inapotengemaa: mafao ya waliopoteza kazi, na nafuu ya kodi inayokuja mapato yakipungua. Ujerumani ilikuwa na mpango wa namna hii mwaka 2009. Kampuni iliyokosa kazi ilipunguza saa badala ya watu, na serikali ikafidia sehemu kubwa ya mshahara uliokatwa. Pato la nchi lilishuka kwa zaidi ya asilimia 5 mwaka ule, anguko kubwa kuliko la Marekani. Ukosefu wa ajira Marekani ulifika asilimia 10 Oktoba. Ujerumani haukusogea sana, na maagizo yaliporudi mwaka 2010, mafundi walikuwa bado kwenye mashine zao.