Kuku wa Mzee Mpare

Kuku nilimnunua kwa pesa yangu. Naanza na hilo kwa sababu kisa hiki kikisimuliwa na wengine hapa Ngamiani, mimi huwa nimemwiba.

Nina mwaka wa tisa Tanga. Nilishuka kutoka Moshi kuja kuangalia fremu ya duka, begi lina nguo za siku tatu, na kila niliyemuaga alinicheka: Tanga, waja leo waondoka leo. Mimi kuondoka kumenishinda. Nauza spea za pikipiki, nasali Kilutheri, naitwa Mangi kama Mchagga yeyote mwenye kaunta, na ninaishi katika mojawapo ya hizi barabara zetu zenye namba badala ya majina. Kulia kwangu alikaa mzee wa Kiislamu, kushoto anakaa Mbondei wa Anglikana, na mbele kuna mama wa Kiha ambaye babu yake alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba, kukata katani. Katani ilifika pwani hii 1893, na mwaka huohuo Wajerumani wakaanza kutandika reli hapahapa Tanga, ikafika Moshi 1911. Kwa hiyo nikiulizwa na mimi nilifuata nini huku, hujibu kwamba treni nililiona mapema ila nilichelewa kupanda. Mashamba yalitaka mikono, watu wakaja kutoka kila pembe, wengi wao hawakurudi makwao. Ukitaka kuwaona wajukuu zao, njoo asubuhi kwa mama muuza mbaazi na maandazi. Foleni moja, lafudhi saba.

Yule mzee wa kulia alikuwa mfupi, mkali, ana kofia nyeupe na fimbo aliyoitumia zaidi kuelekezea watu makosa yao kuliko kutembelea. Mtaa mzima ulimwita Mzee Mpare.

Sasa, Mchagga akisikia neno Mpare, ulimi humwasha wenyewe. Hao ni watani wetu. Basi kila asubuhi nikifungua duka:

"Shikamoo mzee. Leo hujamshtaki mtu?"

"Marahaba. Na wewe leo umeshapunja wangapi?"

Tunacheka, anaendelea zake msikitini. Miaka minane. Kwa nini nimdhanie kabila jingine?

Tena ushahidi ulikuwepo. Sisi huwatania Wapare kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe agharamie kesi ya kuku, na huyu kesi ya kuku alikuwa nayo kwelikweli. Kabla mimi sijahamia hapa, mtetea wa yule Mbondei alivuka ua akaparua matuta yake ya mchicha. Mzee akaenda baraza la kata. Alikwenda mara sita, kwa bodaboda, kwenda na kurudi, mpaka akalipwa fidia ya shilingi elfu nne. Nauli peke yake ilipita hapo mara kadhaa, lakini alirudi siku ile amenyanyua fimbo kama aliyeshinda ubunge.

Tatizo ni kwamba tangu siku hiyo yeye na Mbondei hawakusemezana tena. Na hawa walikuwa watu wa benchi moja la kahawa. Krismasi, sahani ya Mbondei ilivuka ua na wali wa nazi na kuku. Idi, sahani ileile ikarudi na pilau. Kesi ilipoanza sahani ilikuwa upande wa mzee, na ikabaki hukohuko. Miaka kumi. Mke wa Mbondei alikuwa akiitaja ile sahani kama mtu anavyomtaja mtoto aliyepotelea ughaibuni.

Mzee akafariki alfajiri ya Jumamosi moja. Kuzikwa baada ya adhuhuri, siku hiyohiyo, ndivyo wenzetu wanavyofanya. Mimi nilishazoea misiba ya kwetu, ambayo maiti husubiri mpaka mjomba wa mwisho ashuke kwenye basi. Nikachanganyikiwa, nikampigia mama simu Marangu.

"Mama, nimefiwa na jirani. Mpare."

"Mpare?" Mama akakaa sawa, nilisikia kiti kikilia. "Basi usiende kulia huko ukatuaibisha. Mtani halii, mtani anadai. Umesahau msiba wa bibi yako?"

Sikuwa nimesahau. Mwaka 2009 tulipokuwa tunamzika bibi, Wapare wawili walilala juu ya udongo wa kaburi wakasema hawanyanyuki mpaka waletewe soda, na mmoja akamwigiza bibi alivyokuwa akihesabu chenji mara tatu. Tulilia kwa kucheka. Baba alisema baadaye kwamba bila wale wawili asingeimaliza ile siku. Kwa hiyo kwangu hii haikuwa mzaha. Ilikuwa wajibu, na nilitaka kuutimiza vizuri. Mtu wa kuja anataka siku moja aonekane wa hapa.

Saa nne nilikuwa Soko la Mgandini nachagua kuku. Nikapata mtetea mwekundu mwenye macho ya dharau. Nikamfunga kamba mguuni, nikachana kipande cha boksi la plagi, nikaandika kwa kalamu nene SHAHIDI NAMBA MOJA, nikamvisha shingoni. Kijana wangu wa dukani akaniangalia kwa muda mrefu. "Mangi, una uhakika?" Nikamwambia yeye bado mdogo, mila hajazijua.

Msibani wanaume wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, kimya, wengine wanavuta uradi. Wanawake wako ndani. Jeneza limeshaegeshwa kando ya mlango likisubiri. Mbondei naye alikuwepo, amejibanza mwisho kabisa wa mkeka, uso ameutazamisha chini. Nikasimama katikati ya mlango, kuku kwapani, nikavuta pumzi.

"Asalaam aleykum! Naomba msiba usimame! Mlalamikaji ametoroka kabla ya rufaa! Shahidi huyu hapa, nauli hajalipwa! Jeneza halitoki hapa mpaka nione pesa mezani!"

Nimewahi kusikia kimya. Nimewahi kukatiwa umeme Ijumaa Kuu. Kile hakikuwa na mfano. Hata waliokuwa wanavuta uradi walishika punje moja wakatulia nayo.

Nikadhani hawajanisikia. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, na mara hii nikaongeza mwendo: nikachukua mwiko uliokuwa karibu na sufuria, nikaunyanyua kama fimbo ya marehemu, nikatembea kama yeye. Kuunyanyua mwiko kulihitaji mkono, mkono niliokuwa nimembania kuku. Shahidi akaruka. Hakwenda nje kwenye njia wazi kama kuku mwenye akili. Alikwenda ndani, kwa wanawake, na bango lake shingoni.

Yowe lililotoka humo sitalisahau. Mkeka ukavutwa, kikombe kikavunjika, sauti ya mama mmoja ikasema, "Jamani, ameandikwa!"

Shekhe akanyanyuka polepole, akaja akanishika bega. Mtu mpole sana. Nadhani angenipiga kofi ningejisikia nafuu.

"Mangi, mwanangu. Wewe kwa marehemu ni nani?"

"Mtani wake, shekhe. Mimi Mchagga, yeye Mpare."

"Mpare?"

Mtoto mkubwa wa marehemu akasimama. Huyu ni dereva wa malori, kifua kama mlango. "Mpare nani? Baba yangu Mdigo. Mama yake Mdigo, bibi yake Mdigo. Nusu ya ukoo wetu iko ng'ambo ya Horohoro huko Kenya, na hao nao ni Wadigo. Upareni kwenyewe baba alikuwa hajafika."

Miguu ikaniisha nguvu. "Lakini... mbona anaitwa Mzee Mpare?"

"Kwa sababu ya ile kesi ya kuku! Hilo ni jina la utani, Mangi!"

"Basi si ndiyo!" nikasema. "Utani!"

Naapa sikukusudia kubisha. Lilinitoka tu. Shekhe akafumba macho. Akasema taratibu, "Na hata angekuwa Mpare, maiti wetu hazuiliwi mlangoni. Huharakishwa." Nikasema ndiyo shekhe, nikashusha mwiko.

Hapo ndipo tukasikia sauti kutoka chumba cha ndani, chumba cha mjane. Mwanzo wote tulijua ni kilio, na mimi nikaanza kupima umbali wa kufika barabarani. Kumbe ni kicheko. Kile kicheko cha mtu aliyekizuia, kikatokea puani. Mjukuu akatumwa mlangoni, msichana wa miaka kama minane, amekunja mikono kama karani wa mahakama.

"Bibi anauliza, yule kuku ni jogoo au mtetea?"

"Mtetea," nikajibu.

Akaingia. Akatoka.

"Bibi anasema abaki. Kesi ilikuwa ya mtetea."

Wa kwanza kupasuka alikuwa Mbondei. Alianza mabega, kisha tumbo, kisha akafunika uso kwa kofia yake na hatukujua tena kama anacheka au analia, nadhani na yeye hakujua. Mkeka mzima ukamfuata. Shekhe aligeuka ukutani akawa anarekebisha kilemba ambacho hakikuwa na kasoro. Jeneza lilipotoka, Mbondei akainuka akaenda kwa yule dereva wa malori. "Baba yako alinishinda kihalali," akamwambia, na akaingiza bega. Wanaume wakapokezana njia nzima, na mimi nikapewa hatua zangu chache kama wengine. Nilizipiga nikiangalia chini, nikiogopa kujikwaa nikaongeza kesi ya pili.

Kwenye hitima sikutaka kwenda. Nilitumiwa ujumbe kwamba nisipokwenda nitafuatwa na shahidi. Nikaenda. Nikatoa ubani, nikala pilau. Mwisho wa shughuli nikaona yule mjukuu akivuka ua kwenda kwa Mbondei, amebeba kitu kimefunikwa kawa, anatembea kwa hadhari kama aliyebeba mayai. Sahani. Mke wa Mbondei aliipokea akaigeuza kwanza kuangalia chini kama ni yenyewe, ndipo akaangalia pilau.

Mimi adhabu yangu ilikuja taratibu. Wiki ya kwanza yule dereva alipita dukani akachukua plagi mbili bila kulipa. "Mtani," akasema, akaondoka. Nikamwambia kwa mila Mchagga na Mdigo hawana utani. Akasema mimi ndiye niliyeuanzisha, tena mbele ya mashahidi, mmoja wao ana bango. Mtetea mwenyewe yuko hai, ametotoa mara mbili, na huvuka ua apendavyo. Hakuna anayethubutu kumfukuza.

Kisha watoto wakaanza. Mtaa ulikuwa umebaki bila Mzee Mpare, na jina zuri kama lile haliwezi kuachwa likae bure. Siku moja nikasikia nje ya duka, "Nenda kwa Mpare kanunue bomba la tairi." Nikatoka nikauliza, Mpare yupi? Wakanionyesha mimi. Nikapinga. Nikaeleza historia. Nikataja Marangu, nikataja mlima. Muuza mbaazi akasikiliza mpaka mwisho, akanikabidhi bakuli langu: "Sawa Mpare, ongeza mia mbili."

Mwezi uliopita mama alikuja kunitembelea mara ya kwanza. Nilikuwa na mzigo wa kupokea, nikamwambia akishuka stendi ya Kange achukue bajaji, amtajie dereva barabara na duka la spea, atafika. Baada ya nusu saa simu ikalia.

"Mwanangu, niko na kijana hapa tumesimama nje ya duka la kijani. Namwambia mwanangu ni Mchagga, anasema mtaa huu hakuna Mchagga. Anasema duka hili ni la Mpare."

Nikatazama nje. Mama alikuwa amekaa kwenye bajaji, mkoba ameukumbatia kifuani, hajanyanyua hata mguu.

"Nishuke," akauliza, "au anirudishe stendi?"

Nikamwambia ashuke.