Kikombe cha Waairishi kimetudanganya

Jamani hii kitu imenikaa rohoni muda mrefu. Kila mwaka ikifika tarehe 17 Machi, siku ya Mtakatifu Patrick, mitandao inajaa ile baraka ya Waairishi, eti barabara na iinuke ikulaki. Kwenye vikombe ipo, tisheti ipo, hadi kadi za rambirambi. Sasa barabara ikiinuka si ndo mlima huo? Mtu anabarikiwaje kwa kupandishwa mlima?

Kumbe Kiairishi chenyewe hakisemi hivyo. Wanasema Go n-éirí an bóthar leat, yaani njia ikunyookee, safari njema basi. Éirigh peke yake ni kuinuka, ila ukiiunga na le inageuka kufanikiwa, mtafsiri akadaka ile ya kwanza akaondoka nayo, na dunia nzima ikamfuata nyuma.

Ndo maana nasema methali za Ireland usizipokee kupitia Kiingereza tu wakati Kiswahili unacho. Chukua hii, Ar scáth a chéile a mhaireann na daoine. Kwenye scáth Waingereza wanahangaika, huyu anaandika kivuli yule anaandika hifadhi, maana ni vyote viwili. Sisi wala hatutoi jasho: watu huishi kivulini mwa wenzao. Kivuli chetu ni cha mwembe na jua la saa saba, chao naona ni cha kujibanza upepo na mvua ya Atlantiki, lakini msomee bibi yeyote wa Tanga, ataitikia tu.

Halafu kuna Giorraíonn beirt bóthar, wawili hufupisha njia. Kuna ngano inaendana nayo: Gobán Saor, fundi mjenzi maarufu, yuko safarini na mwanawe, akamwambia nifupishie njia, kijana akatoa macho, ikabidi warudi nyumbani. Mke wa kijana ndo akamfumbua, we msimulie baba hadithi. Mwanamke ndo mwenye akili hapo, kama ngano zetu tu.

Kinachonipa wivu ni kwamba 1937 hadi 1939 Tume ya Ngano ya Ireland ilitumia watoto wa shule za msingi, wakawauliza wazee wao nyumbani hadithi na mila za kale na kuandika kwenye madaftari, leo yamo kwenye intaneti bure, kurasa malaki. Watoto! Sisi hapa tunasubiri profesa apate ufadhili.

Kikombe mwenyewe ninacho, nililetewa zawadi. Nakinywea chai ya tangawizi, ila kabatini maandishi nimeyageuzia ukutani.