"Haitoki kwenye mtihani"

Jumamosi nilikuwa Uyole kwa kaka, baridi ya mwezi wa saba, tumelizunguka jiko la mkaa tukisubiri viazi viive. Binti yake wa darasa la saba akaniletea daftari.

"Shangazi, hii ni namba tasa?"

Alitaka kujua kama inagawanyika bila baki kwa 1 na kwa yenyewe tu. Ilikuwa 4,294,967,297.

Alianza na 2, akaizidisha kwa yenyewe akapata 4. Ya 4 ikampa 16, ikaja 256, ikaja 65,536. Kila hatua anajumlisha 1: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tasa. Hiyo ya mwisho aliigawa kwa tasa zote zilizo chini ya 256, ziko 54, kwa penseli, na kila mara baki likatokea. Iliyofuata ikamshinda, akampelekea mwalimu. Akajibiwa: "Haitoki kwenye mtihani, usipoteze muda."

Iliniuma, na bado inaniuma. Silabasi ni ndefu na madarasa yamejaa, hilo nakubali kwa shingo upande. Lakini mtoto aliyefanya migawanyo 54 bila kutumwa na mtu, unamwambiaje anapoteza muda?

Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat alisimama palepale aliposimama binti huyu. Aliziona tasa hizo tano, akaamini kuwa na zote zinazofuata ni tasa. Ilipita miaka 92 hadi Leonhard Euler alipoonyesha kuwa ya sita inagawanyika. Mtoto wa Uyole kaligusa swali lililomkosesha Fermat, sisi tunamrudisha kwenye maswali ya kuchagua!

Nikavuta kigoda. Nilimweleza jambo ambalo Euler alilithibitisha: tasa yoyote inayoigawa namba ile bila baki, yenyewe ukiigawa kwa 64 lazima ibaki 1. Akaanza kuzisaka. 65 hapana, ni 5 mara 13. 129 hapana, inagawanyika kwa 3. 193 ni tasa, akaijaribu, ikaacha baki. 257 ikaacha baki. 449 vilevile, 577 vilevile. Viazi vilishaiva, mama yake anaita, hakuna aliyeinuka.

Kisha 641.

Alipofika mwisho wa mgawanyo na kukuta sifuri, hakusema kitu. Aligeuza ukurasa akazidisha kurudi nyuma: 6,700,417 mara 600, mara 40, mara 1, akajumlisha. Tarakimu zote kumi zikakaa mahali pake. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa penseli. Simu ingetoa jibu hilo mara moja, najua, ila isingempa zile saa mbili na nusu alizoishi na namba ile.

Walimu wangu, mkikosa muda mwambieni mtoto "sijui, endelea kutafuta". Ni maneno matatu tu.

Nikiwa navaa koti niondoke, akaniuliza inayofuata. Nikamwandikia: 18,446,744,073,709,551,617. Kigawo chake kidogo kabisa nakijua, kina tarakimu sita. Sijamtajia.