Ukifika München, nipe Jumapili moja

Watu wetu wakienda München, Ujerumani, huuliza kwanza uwanja wa Bayern, kisha jumba la magari la BMW. Sina neno na hayo. Ninachoomba ni asubuhi ya Jumapili moja, waende Alte Pinakothek, jumba la picha za kale. Siku hiyo kiingilio ni euro 1, na walio chini ya miaka 18 hawalipi siku yoyote.

Kabla ya kuingia, zunguka upande wa kusini utazame ukuta. Jumba hili lilijengwa kwa amri ya Mfalme Ludwig wa Kwanza, likafunguliwa mwaka 1836. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliliacha na pengo kubwa katikati, na wapo waliotaka libomolewe lote. Msanifu Hans Döllgast alipinga. Akaliziba kwa matofali yaliyookotwa kwenye vifusi, matupu, bila lipu wala nakshi, hata leo unaona pale ukuta wa zamani unapokoma na kiraka kinapoanza. Likafunguliwa tena mwaka 1957. Nauheshimu sana uamuzi ule. Ingekuwa rahisi kurudisha mapambo yote, ukuta ukaonekana kana kwamba vita havikupita hapo.

Ndani kuna picha ya mchoraji Rubens ya Siku ya Hukumu, yenye urefu unaozidi mita 6; ukumbi wake ulipimwa ili iweze kuenea. Itazame, halafu umtafute mchoraji Dürer. Picha yake ni ndogo, mtu mmoja anaweza kuibeba kwapani. Alijichora mwenyewe mwaka 1500, akiwa na umri wa miaka 28, uso umekuelekea moja kwa moja kama wachoraji wa zama zake walivyozoea kumchora Yesu. Sogea kadiri mlinzi atakavyokuruhusu. Nywele zimeanguka mabegani kwa misokoto, unyweleunywele. Vidole vya mkono wa kulia vimeshika manyoya ya kola, na manyoya yale unaweza kuapa kwamba ukiyagusa yatalala. Nyuma yake ni giza tupu, na maandishi ya Kilatini yanayosema yeye ni nani.

Hapo ndipo ninapogombana na wageni wengi. Wanapiga picha kwa simu, wanasonga, na hadi saa sita mchana wamemaliza majumba matatu. Mimi nasema chagua jumba moja, na ndani yake picha tano au sita. Kaa kwenye benchi, utazame mpaka uone kitu ambacho hukukiona mwanzoni. Kiingilio cha euro 1 kina faida hiyo hasa kwa anayeishi pale: hakuna haja ya kula vyote siku moja, maana Jumapili ijayo mlango u wazi. Naitamani bei ya namna hiyo katika kila mji wenye jumba la sanaa, kwetu pia.

Mwenye siku ya ziada aende Lenbachhaus, jumba jingine la sanaa mjini humo. Hilo ni la manispaa, bei ya Jumapili ya Pinakothek haifiki huko, lakini lipa. Humo mna kazi za kundi la wachoraji lililoitwa Blauer Reiter, na nyingi zipo kwa sababu ya mwanamke mmoja, mchoraji Gabriele Münter. Wanazi walipokuwa wakiisaka na kuidhalilisha sanaa ya aina hiyo, yeye alizificha picha za Kandinsky, mmoja wa kundi hilo, na wenzake ndani ya nyumba yake mjini Murnau. Mwaka 1957, alipotimiza miaka 80, akaupa mji wa München hazina yote, kazi zaidi ya 1,000. Tafadhali usiishie kwa Kandinsky. Picha za Münter mwenyewe ziko humohumo, na rangi zake zina nguvu.

Neue Pinakothek, jumba la sanaa lililo jirani na Alte Pinakothek, usiihangaikie, ilifungwa kwa ukarabati mwishoni mwa mwaka 2018. Na Jumatatu majumba haya hupumzika, kwa hiyo siku hiyo ndiyo ya kwenda uwanjani.