Milisekunde 100 za kusubiri

Fundi kijana wa Nasser Road, Kampala, alileta kiraka cha mstari mmoja, yaani rekebisho dogo la programu ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta: habu yoyote ya USB (kile kigawio kinachofanya mlango mmoja kuwa mingi) ikishariseti mlango wake, yaani kuuanzisha upya, Linux ingoje milisekunde 100 zaidi ndipo ikiongeleshe kifaa. Bosi wake, mzee aliyeandika draiva, programu zinazoendesha vifaa, miaka mingi, alikikataa palepale. "Mwanangu, hiyo ni panadol." Nimewasikiliza wote wawili, na naona kijana alionewa kidogo.

Herufi B ya USB ni "bus", yaani basi, lakini basi tunalozungumzia si lile la kwenda Gulu. Ni njia inayopitisha data kati ya kompyuta na vifaa vyake. Kifaa kikirisetiwa husahau mipangilio yake yote, hurudi anwani 0 na kungoja kupewa nyingine. Kanuni za USB 2.0 zinakipa milisekunde 10 kizinduke. Kumi tu! Fungua kerneli, kiini cha Linux, uone inavyozichukulia hizo kumi: kwa kawaida inangoja 50, na zile 40 za juu zimeandikwa waziwazi kwamba ni ziada. Hakuna anayeongeza mara nne ya kilichoagizwa kwa kupenda kusubiri. Waliozitia wamekutana na vifaa halisi, vile vinavyouzwa barabarani, si vile vya kwenye karatasi ya kanuni.

Habu iliyoleta ugomvi nimeiona. Ya plastiki, milango saba, haina umeme wake yenyewe. Imebeba printa, flashi mbili na diski ya nje. Kadi za harusi zilikuwa zikinakiliwa kwenye diski. Taa ikazima, ikawaka, ikazima. Kwenye logi, daftari la matukio ya kompyuta, laini moja ikajirudia, kifaa kimerisetiwa, kifaa kimerisetiwa, kisha folda ikatoweka kwenye skrini. Mteja aliyetoka Arua alikuwa amepakata mkoba, macho kwenye saa, kwa sababu basi lake, hili la magurudumu, lilikuwa karibu kuondoka.

Mzee ana hoja, tena nzito. Draiva ikituma maombi kabla ya riseti, halafu baadaye ikaendelea kuyahesabu kuwa yako hai, kusubiri hakuponyi kitu. Kunafanya mgongano utokee mara chache, na hitilafu ya mara chache ndiyo ngumu zaidi kuinasa. Dawa ni draiva isimamishe kazi zake kabla ya riseti na kurudisha mipangilio baada yake; Linux imeiachia nafasi ya yote mawili. Isiyozitumia hutenganishwa na kifaa kisha kuunganishwa upya, na kama ni modemu ya intaneti, mawasiliano yamekatika hapo. Tena kusubiri kuna bei: milango saba kwa milisekunde 100 ni 700. Wapo wasiozitaka hata zile 40, na kerneli imewawekea njia ya kurudi kwenye 10.

Ila haya ni maradhi mawili, na mzee ameyatibu kama moja. Baada ya riseti, kompyuta hukipa kifaa anwani na kukisoma upya kwanza. Zamu ya draiva huja baadaye. Logi ya duka lile ilionyesha diski ikishindwa kujibu hata maswali ya mwanzo kabisa. Draiva ilikuwa haijafikiwa. Uisafishe namna gani, ingengoja tu nje ya mlango. Katika hali hiyo kusubiri ndiyo tiba yenyewe, maana mwenye kosa ni habu inayochelewa kuzinduka.

Kosa la kijana lilikuwa kuitoza kila habu kwa ajili ya moja, na sikusikia mzee akimkosoa kwa hilo. Kerneli tayari ina orodha ya vifaa vyenye tabia zao, na habu zinazochelewa baada ya riseti zinaongezewa milisekunde 100 zilezile alizotaka. Wala huhitaji kukompaili kitu, yaani kuijenga kerneli upya: unaandika namba mbili za utambulisho wa habu na herufi o kwenye mstari wa kuwashia kompyuta. Habu nyingine hazilipi chochote. Na mzee akitaka kujua kama ni panadol, aifute ile o, anakili faili moja kubwa, kisha ahesabu riseti kwenye logi.