Kabati Lililohamisha Kibla

Chumba chetu cha wageni, katika nyumba ya zamani ya Mji wa Kale, ni kirefu na chembamba, kwa kuwa waliojenga walilazimika kufuata urefu wa boriti za mikoko. Kwenye ukuta wake wa kaskazini lilisimama kabati la vyombo la Bibi, miguu yake ikiwa imetiwa katika vikopo vya maji ili chungu wasipande. Nyuma ya kabati kulikuwa na dirisha. Joto la Februari lilipozidi, mke wangu alitoa hoja ambayo hadi leo siioni kasoro yake: upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, dirisha la kuupokea tunalo, nasi tumeliziba kwa sahani.

Bibi alipokwenda arusini Kisauni, tulilihamishia kabati ukuta wa pili. Watoto walishangilia. Baba alitazama, akasema "Inshallah kheri," kisha akarudisha kiti chake pale pale kilipokuwa, akaketi akiwa ameupa upepo mgongo. Upepo uliingia kweli, ila uliingia pamoja na jirani, kwani uchochoro wetu ni mwembamba na dirisha lake linakabiliana na letu. Jioni hiyo hiyo alitushauri tupunguze chumvi kwenye mchuzi wa papa.

Bibi ana mtoto wa jicho. Kutoka Mombasa, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo miaka yote alitandika msala wake akilielekea kabati, nalo halikuwahi kumpoteza. Aliporudi aliendelea vivyo hivyo, wajukuu wa kike wakijipanga nyuma yake nusu usingizi, mpaka Alfajiri moja jirani, ambaye kwa heshima alingoja atoe salamu, akaita dirishani:

"Bi Mkubwa, niwie radhi, lakini huko unakoelekea ni kwenye feri ya Likoni."

Bibi hakugomba. Aliuliza kwa upole, jambo ambalo kwetu huogopewa kuliko kelele, kabati limekaa huko tangu lini. Alipojibiwa, alizihesabu swala kwa vidole, akaanza kuzilipa zote, wajukuu nao wakafuata, na chai ikapoa mezani.

Mke wangu alipendekeza tuchore mshale wa kibla ukutani.

"Na huo mshale utanihifadhia sahani?" akauliza Bibi.

Hapo ndipo tulipoelezwa kwamba kabati halikuwekwa pale kwa ajili ya vyombo wala ya kibla, bali kwa ajili ya mama mzazi wa huyu huyu jirani, aliyekuwa na mazoea ya kutuhesabia vitoweo. Tulipokuwa tukilisukuma kulirudisha, tukihema na vikopo vikimwagika, jirani aliinamia dirishani akauliza, kwa huzuni ya kweli, nani sasa atamwonyesha mwisho wa ule mchezo wa televisheni.

"Mwambieni," akasema Bibi, "apite mlangoni kama wenziwe."